Chupa ya Mabaki

Daktari wa meno alibadili mawazo kuhusu zebaki siku ya Jumatatu, kabla ya saa tatu asubuhi. Ijumaa iliyotangulia zebaki ilikuwa salama. Jumatatu ilikuwa sumu, na mchora mabango alikuwa tayari juu ya ngazi mbele ya kliniki, akiandika kwa rangi ya bluu kwamba hapa meno huzibwa kwa dawa nyeupe isiyo na zebaki, na kwamba wenye vizibo vyeusi vya zamani wanakaribishwa waje viondolewe kwa ajili ya afya ya familia zao.

Chini ya ngazi alisimama msaidizi wake, mwanamke wa miaka arobaini na mitano ambaye wagonjwa wote walimwita Sista ingawa hakuwa muuguzi wala mtawa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja. Alimimina unga wa fedha kwenye kinu kidogo cha kioo, akadondoshea zebaki, akasaga mpaka vikawa uji mzito unaong'aa, akaufunga uji ule kwenye kitambaa na kuukamua kwa kidole gumba na cha shahada. Zebaki iliyozidi ilipenya kitambaani kama jasho. Kilichobaki daktari alikishindilia kwenye jino, na makombo yote Sista aliyarudisha kwenye chupa ya mabaki.

Kazi yake ya pili, ambayo haikuandikwa popote, ilikuwa kuwatuliza watu. Siku hizi kila mgonjwa alikuja na lake. Mmoja alisikia redioni kwamba nchi nyingine zimepiga marufuku, mwingine aliambiwa na shemeji yake kwamba zebaki hupanda kichwani, wa tatu hakutaka kukalia kiti kabisa. Daktari alichoshwa na maswali hayo, akamfundisha Sista jibu. "Haina ubaya. Ikishaganda kwenye jino imeganda." Sista alilisema jibu hilo mara nyingi kiasi kwamba lilimtoka kabla swali halijaisha. Wala hakuwa akidanganya. Aliliamini kama alivyoamini sala ya chakula, na mdomoni mwake mwenyewe alikuwa na meno matatu yaliyozibwa kwa zebaki aliyoikamua kwa vidole vyake.

Asubuhi hiyo mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mnene mwenye sauti ya darasani. Ijumaa alikuwa amezibwa jino moja kwa zebaki, na leo alikuja kwa jino la pili. Alilisoma bango, akaingia, akasimama mbele ya benchi lililojaa watu.

"Sista, Ijumaa uliniambia nini?"

Sista alitazama mlango wa daktari. Alijua jibu moja tu, na jibu hilo lilikuwa linafutwa nje kwa rangi ya bluu. Kabla hajafungua mdomo daktari alitoka, akitabasamu, akamwekea mwalimu mkono begani. Akamwomba amsamehe huyu, kwa kuwa ni msaidizi tu, na mambo ya sayansi huyaokota sakafuni anapofagia. Benchi zima likacheka. Sista naye akacheka, kwa sababu ulikuwa mzaha wa bosi wake.

Saa sita mchana daktari alimwita Sista ndani. Dawa nyeupe, alimweleza, inakuja kwenye mirija, tayari kwa kutumika, na inagandishwa kwa taa. Hakuna kusaga, hakuna kukamua. Mpwa wake, msichana aliyemaliza kozi juzi, atatosha. Alimpa barua ya mistari mitatu. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo zuri, alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu na kuishusha chupa ya mabaki.

"Miaka kumi na tisa, siwezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Humu ndani kuna fedha halisi. Mumeo si fundi wa kulehemu? Ayachome tu. Zebaki itaondoka, fedha itabaki, mwuzieni sonara."

Mpwa wake alikuwa kwenye karo, akiosha vyombo. Alisikia, akaendelea kuosha.

Chupa ilikuwa nzito kuliko ukubwa wake. Ubavuni ilikuwa na karatasi nyeupe iliyoandikwa MABAKI kwa herufi kubwa, na karatasi hiyo Sista aliipenda. Miaka minne nyuma, alipokuwa ameanza masomo ya jioni ya watu wazima, daktari alimwagiza aandike kitu abandike pale, kwa sababu wagonjwa waliokuwa wamelala kwenye kiti walikuwa wakiiona chupa ile na kuuliza maswali. Hilo lilikuwa andiko lake la kwanza kazini. Alilipiga mstari kwa rula, akaandika polepole, na K yake ikawa na mguu mrefu uliojikunja mwishoni, kama mwalimu wa jioni alivyowaonyesha ubaoni. Daktari alisema ni safi sana. Sista aliikumbuka siku hiyo alipokuwa akiifunga chupa ndani ya khanga aende nayo nyumbani.

*

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule ndogo ambayo siku za mvua ilikuwa pia jiko. Waliishi wanne: Sista, mumewe aliyeitwa Fundi na mtaa mzima, mama mzazi wa Fundi, na binti yao wa miaka tisa. Binti huyo walimpa jina la Chiriku kwa sababu hakunyamaza, hata akiwa na chakula mdomoni, hata usingizini. Alizaliwa baada ya mimba tatu kuharibika, na Sista alimwomba Mungu miaka saba ili ampate.

Fundi aliipokea habari kwa utulivu. Alikuwa mtu wa kutengeneza redio na kuziba sufuria kwenye kibaraza cha duka la jirani, na alikwisha kuzoea kazi zinazokuja na kuondoka. Aliinua chupa, akaitikisa karibu na sikio, akasema akipata fedha ya kutosha kabla ya kumpelekea sonara atakata kipande kidogo amtengenezee Chiriku hereni. Chiriku akauliza hereni za namna gani, zinaning'inia au zinabana, zitauma, na kama fedha ni fedha kweli kwa nini inakaa na maji machafu.

Aliyeikataa chupa alikuwa Bibi. Bibi alikuwa na meno manne tu, yote ya mbele, na redio ndogo ambayo mwanawe alimtengenezea, aliyoishikilia sikioni tangu taarifa ya asubuhi mpaka wimbo wa taifa.

"Miaka kumi na tisa, umeletewa chupa," alimwambia Sista. "Mimi nilipoacha kufua nguo za watu, angalau nilipewa blanketi."

"Humo mna fedha, Mama."

"Mna zebaki. Redio imesema ni sumu. Huyo daktari wako mwenyewe kaandika ukutani ni sumu, wewe unatuletea tulale nayo."

Kama angeambiwa hivyo na mtu mwingine, pengine Sista angenyamaza. Lakini alikuwa ametoka kuchekwa na benchi zima, na Bibi alikuwa amemsema tangu siku ya kwanza aliyoingia nyumba ile. Alimjibu kwa adabu lakini kwa sauti. Alisema redio haijawahi kushika zebaki hata siku moja, yeye kaishika miaka kumi na tisa. Alisema bango ni biashara. Alikwenda dirishani kwenye mwanga, akalivuta shavu kwa kidole na kufungua mdomo.

"Hesabu, Mama. Moja, mbili, tatu. Nimekufa?"

Bibi akamchungulia mdomoni. "Bado," akasema.

Chiriku akacheka mpaka akakaa sakafuni. Hata Fundi alicheka. Lakini ubishi aliushinda Sista, na kila mmoja pale ndani alijua. Nyumba nzima haikuwa na mtu mwingine anayejua chochote kuhusu zebaki.

*

Jumapili mvua ilianza adhuhuri. Fundi alitaka kungoja ikatike achome nje, kwenye kibaraza. Sista, ambaye alikuwa akijiandaa kwenda kwenye ibada ya alasiri, alimwambia nje mkaa utazimika. Achomee ndani, afunge dirisha upepo usipeperushe majivu. Fundi akauliza habari ya moshi.

"Haina moshi," Sista akasema. Na hilo lilikuwa kweli.

Bibi aliposikia hayo alichukua mwavuli na redio yake, akatangaza kwamba anakwenda kukaa kwa jirani mpaka wendawazimu uishe. Chiriku alimshika sketi akitaka kwenda naye. Alikwisha hata kuvaa viatu.

"Vua viatu," Sista akamwambia. "Kaa na baba yako umshikie koleo. Bibi anatafuta maneno tu. Haina ubaya."

Chiriku akavua viatu. Sista akampaka mafuta usoni, akachukua kitabu chake cha nyimbo na kutoka. Kanisani, ulipofika wakati wa shukrani, alisimama mbele ya watu akasema kwamba amepoteza kazi lakini Mungu hakumwacha, amemfungulia njia nyingine, na kwa wakati huu huu njia hiyo iko jikoni kwake. Watu wakampigia makofi.

Fundi alimimina mabaki kwenye kikaango cha zamani, akakiweka juu ya jiko la mkaa, akachuchumaa. Chiriku alichuchumaa kando yake, kidevu juu ya magoti, akiuliza. Mbona yanatetemeka? Mbona yanapungua na hatuoni yakienda? Fundi alimwambia akinyamaza hata dakika moja hereni zitakuwa kubwa zaidi. Alijaribu. Alishindwa. Aliinama karibu zaidi kuona ndani ya kikaango, na baba yake akamvuta nyuma asije akaunguza nywele.

Baada ya saa moja na nusu kilibaki kipande kijivu chenye mashimo, kikubwa kama punje tatu za mbaazi zilizoshikana. Sista aliporudi walimwonyesha. Aliona dirisha limefungwa, joto limejaa, na binti yake anakohoa kidogo. Alifungua mlango, akasema mkaa wa siku hizi una vumbi.

*

Alfajiri wote wawili walikuwa na homa. Fundi alikohoa akiwa amekaa, kwa sababu hakuweza kulala chali. Chiriku alitetemeka chini ya mablanketi mawili na kumwambia mama yake kwamba mdomo una ladha ya msumari. Kulipopambazuka walipelekwa hospitali kwa gari la jirani muuza mkaa, baba wodi ya wanaume, mtoto wodi ya watoto. Tabibu wa wodi ya watoto, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimwekea Chiriku kifaa cha kusikilizia kifuani kwa muda mrefu. Kisha akauliza wamevuta hewa ya kitu gani.

Sista aliomba ruhusa ya kutoka mara moja. Alikuwa na daktari wake mwenyewe wa kumwuliza, mtu aliyemwamini kuliko yeyote, na kliniki haikuwa mbali. Alikimbia.

Alimkuta kazini. Kwenye kiti alikuwa amelala yule mwalimu wa shule ya msingi, anaondolewa kizibo cha Ijumaa. Madirisha yote yalikuwa wazi, hata lile dogo la nyuma ambalo kwa miaka kumi na tisa lilikuwa limepigwa misumari. Daktari alivaa barakoa nene aliyokuwa hajawahi kuivaa, na mpwa wake pia, na hata mwalimu alikuwa amefunikwa pua. Sista alisimama mlangoni akaviona vyote hivyo, na hakuelewa alichokiona.

Daktari alipomsikiliza alisimamisha mashine. Alimpeleka Sista ukumbini, akafunga mlango, akashusha barakoa.

"Mmechomea ndani?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, Daktari."

Daktari aliuangalia mlango kama umefungika. Halafu akaanza kuongea taratibu, kwa sauti ile ile aliyotumia kumfundisha jibu zamani. Alimwambia zebaki haina ubaya, yeye mwenyewe anajua, ameishika miaka yote hiyo. Kilichowaumiza ni mkaa. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, kila mtu anajua. Akitaja zebaki kule hospitali, wale vijana watababaika, wataacha kutibu moshi waanze kuhangaika na vitabu, na mtoto atakaa bila dawa.

"Sema moshi wa mkaa, Sista. Kwa ajili ya mtoto. Mimi nitakuandikia barua nzuri ya kazi, na gharama za hospitali niachie." Akarudisha barakoa. "Na hiyo chupa niletee."

Sista alimshukuru. Alirudi hospitali mbio, akamwambia tabibu: moshi wa mkaa. Tabibu akaandika moshi wa mkaa. Chiriku akawekewa hewa na kupigwa sindano za kifua, na siku nzima mama yake alikaa kwenye stuli akiomba, akihesabu pumzi za mtoto badala ya shanga.

Jumanne Chiriku aliacha kuongea. Pumzi hazikutosha kwa vyote viwili. Alipotaka maji alionyesha kidole, na alipotaka kuuliza jambo aligeuza kiganja juu, akamtazama mama yake, na mama hakujua swali ni lipi. Mwenye kitanda cha jirani, mama wa mtoto mwenye mguu uliovunjika, alimsifu Sista kwa kuwa na mtoto mtulivu. Wake yeye, alisema, anapiga kelele kama dalali.

Saa za kuona wagonjwa Bibi aliingia na mwavuli wake. Alimtazama mjukuu, hakukaa. Alimfuata tabibu katikati ya wodi, akamwuliza kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni kama wanajua kwamba mtoto huyu alipikiwa zebaki.

Tabibu aligeuka. "Mama, ni kweli?"

Sista alisimama. Watu wote wodini walikuwa wakimtazama, kama lile benchi. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"Haina ubaya, Daktari. Ikishaganda..."

Hakumaliza. Tabibu alimshika mkono akamketisha chini, na akamweleza bila kumkaripia, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kukaripiwa. Alimwambia kuna ubishi juu ya zebaki iliyo ndani ya jino, wataalamu wanabishana, wengi wanasema haidhuru, wengine wanasema isitumike tena. Ubishi huo ni wa jino. Zebaki juu ya moto haina ubishi. Inageuka hewa isiyoonekana, inaingia kifuani na kuunguza. Kila afanyaye kazi nayo anajua hilo.

"Mimi nimefanya kazi nayo," Sista akasema.

"Na hakuna aliyekuambia?"

Tabibu hakungoja jibu. Alikwenda kupiga simu. Dawa ya kuvuta zebaki mwilini haikuwepo pale. Ilipatikana kwenye hospitali moja kubwa, safari ya siku moja na nusu. Alisema wangejua jana, dawa ingekuwa njiani. Alilisema hilo kwa mtu wa simu, si kwa Sista, lakini kuta za wodi zilikuwa nyembamba.

Jumatano mpwa wa daktari alikuja akiwa na mfuko wa machungwa. Alisema ametumwa kuchukua chupa. Sista, aliyekuwa hajalala kwa siku mbili, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alikataa agizo la daktari. Alimwambia msichana kwamba chupa ile ni shahidi wake, na shahidi haondoki. Kisha akamwuliza kama alisikia maneno ya bosi wake siku ile, alipokuwa karoni. Msichana aliweka machungwa mezani, akasema maji yalikuwa yanamwagika.

Alhamisi saa nne asubuhi Chiriku alifariki. Alikuwa amemshika mama yake kidole gumba, kile cha kukamulia. Dawa ilifika saa tisa alasiri, ndani ya sanduku la barafu, ikapelekwa wodi ya wanaume akadungwa baba yake, na baba akapona kiasi cha kuweza kuhudhuria maziko akiwa amekalia kiti. Usiku wa kwanza baada ya maziko alimwambia mkewe maneno matatu tu, "Ulisema haina ubaya," na hakuyarudia tena, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kusema mambo mara mbili.

*

Afisa wa afya alikuja wiki iliyofuata, asubuhi, na faili. Hospitali ilikuwa imetoa taarifa. Alikuja na daktari wa meno na mpwa wake ili kila mmoja aseme mbele ya mwenzake. Sebule haikuwa na viti vya kutosha. Daktari alikalishwa kwenye kiti kizuri, Fundi akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, Bibi akasimama mlangoni. Redio yake ilikuwa imezimwa tangu Alhamisi ile.

Sista alieleza yote, toka rafu ya juu mpaka koleo. Alieleza vizuri, kwa mpangilio. Daktari alisikiliza akitikisa kichwa kwa masikitiko. Zamu yake ilipofika alisema mama huyu ana uchungu na yeye hamlaumu. Ukweli ni kwamba hakumpa chupa. Aliichukua mwenyewe siku ya kuachishwa kazi, na yeye aliona aibu kumdai mtu aliyemtumikia miaka kumi na tisa. Mpwa wake akaulizwa. Akasema hakuona wala hakusikia, akaendelea kutazama sakafu.

"Ninayo chupa," Sista akasema.

Aliitoa chini ya kitanda, imefungwa tena kwenye khanga, akaiweka mezani. Alimwona daktari akishika magoti yake kwa mikono miwili. Alimwona anaogopa, na moyoni mwake akamshukuru Mungu kwamba hakuitoa kwa yule msichana.

Afisa aliigeuza chupa. Alisoma MABAKI. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wa karatasi, akaona kuna karatasi nyingine chini yake, akaomba maji. Alilowesha kidole, akasugua, akabandua taratibu. Chini palikuwa na alama nyekundu, fuvu la mtu na mifupa miwili iliyopishana, na chini ya fuvu maneno ya kigeni. Afisa aliyasoma, akayafasiri kwa sauti: sumu kali; usivute hewa yake; usipashe moto.

Daktari aliachia magoti yake. Alikuwa amekwisha kusahau kwamba fuvu lile lipo, na sasa lilikuwa limekuja kumwokoa.

"Nani aliifunika alama hii?" afisa akauliza.

"Mimi," Sista akasema. "Aliniagiza yeye. Wagonjwa walikuwa wakiiona, akasema inawatisha bure."

Daktari alisema kwa upole kwamba hakuna daktari duniani anayeweza kuagiza alama ya sumu ifunikwe. Yeye alidhani Sista alibandika karatasi tu kwa ajili ya usafi, na pengine kwa furaha ya kujua kuandika. Yeye mwenyewe alimtia moyo asome. Afisa akamtazama Sista, akamwuliza kama ana ushahidi wa agizo hilo. Hakuwa nao. Akamwuliza kama anao mfano wa mwandiko wake, wa kulinganisha kwa ajili ya faili.

Sista alisema hana. Lakini afisa alikuwa amekwisha kuona rafu ya ukutani, na juu yake mafungu ya madaftari yaliyofunikwa kwa karatasi ya kaki. Alichukua la juu. Kwenye jalada, kwa rula na kwa herufi kubwa, palikuwa na jina kamili la mtoto, darasa lake, na somo la Kiswahili, na kila K ilikuwa na mguu mrefu uliojikunja mwishoni. Aliliweka kando ya ile karatasi iliyolowa. Hakuhitaji kuangalia mara mbili.

"Nitaondoka na vyote viwili," akasema. "Chupa na daftari."

Hapo ndipo Sista alipolia, mara ya kwanza mbele ya watu. Alisema daftari lile ni la insha. Ndani yake kuna maneno ya mtoto wake, kurasa na kurasa, kwa sababu alikuwa hanyamazi hata kwenye karatasi. Aliomba libanduliwe jalada tu, waende nalo, daftari libaki. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba kielelezo hakichanwi, kikichanwa hakifai. Alisema kesi ikiisha ataweza kuandika barua ya kuliomba. Aliuliza, kwa faili, kama anajua kuandika barua, halafu akajikumbuka, akafunga kalamu.

Fundi alitaka kusimama, kikohozi kikamrudisha kwenye ndoo. Bibi alisogea akamshika mgongo. Alimtazama mke wa mwanawe kwa muda mrefu, na ilionekana atasema neno, lakini alisema tu kwamba mwavuli wake uko nyuma ya mlango, wageni waangalie wasiukanyage.

Daktari wa meno alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama kizingitini, akarekebisha kola ya shati, akampa Sista mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Sista."

"Asante, Daktari," Sista akasema. Lilimtoka kabla hajajua kwamba amelisema.